Masalio ya Upepo wa Nkubu

Habari ya kifo chake ilinikuta Makutano, pale Meru mjini, nikiwa nimeinamia tairi ya nyuma ya baiskeli yangu. Mwenye mkokoteni aliyekuwa akipita na magunia ya viazi alisimama, akatia jiwe nyuma ya gurudumu ili mzigo usirudi, akanitazama. "Wewe si ni yule wa baiskeli? Yule wa gazeti?" Nikamwambia ndimi. "Basi umesikia? Masalio ameenda. Alikuwa amelazwa hapo Nkubu." Alisema hivyo, akaondoa jiwe lake na kuendelea kusukuma, kwa sababu malori yalikuwa yameanza kumpigia honi. Nikabaki na pampu ya mkono, nikiliwaza lile neno. Ameenda. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa ya maduka, na kwa kitambo nilimwona kweli akienda, paipu yake nyeusi ya upepo begani, koti lake refu la mvua likimpiga magotini, akishuka taratibu barabara ya Embu kama mtu anayefuata kitu kilichomtangulia kidogo tu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama Nkubu kutia mafuta, nieleze alikuwa nani. Masalio lilikuwa jina la mtaani, na alilipata uzeeni, nitafika hapo. Kazi yake ilikuwa kujaza tairi upepo katika kituo kimoja cha mafuta kando ya barabara inayotoka Meru kwenda Embu. Alikuwa na pembe yake karibu na ukuta, penye kompresa iliyokohoa kutwa nzima, na kibao cha kukalia wakati hakuna gari. Upepo ulikuwa bure. Aliyetaka kumwachia kitu alimwachia, asiyetaka alipiga honi ya asante akaenda zake. Kabla ya kufungua kifuniko cha tairi yoyote alikuwa na swali moja kwa mkubwa na mdogo, kwa daktari na kwa mwenye wilbaro: "Unashuka ama unapanda?" Kushuka ni kwenda Embu na huko chini kwenye joto; kupanda ni kurudi Meru kwenye baridi. Anayeshuka alimpunguzia kidogo, akisema joto litamwongezea njiani. Anayepanda alimjazia kamili. Fundi mmoja wa magari aliwahi kuniambia kwamba hiyo ni imani tu, kwamba tairi ina kipimo chake na hakijali unaelekea wapi. Nilipompelekea maneno hayo, Masalio alicheka. "Labda ni hivyo," akasema. "Lakini ukimuuliza mtu tairi yake inataka ngapi, hajui. Ukimuuliza anaenda wapi, atakwambia mpaka na jina la shangazi yake."

Mimi siishi mahali pamoja, mnajua. Shule niliiacha mapema, miguu ikanichukua. Nimechuna majani chai, nimebeba mawe ya ujenzi, nimekuwa utingo wa lori la ndizi, na tangu nianze kuandika hapa nimekuwa nikizunguka miteremko hii ya mlima na baiskeli, nikitazama watu wanavyofanya mambo yao. Kila nilipopita Nkubu nilisimama kwake, hata kama tairi zangu zilikuwa ngumu kama mawe. Yeye alikuwa mtu wa Siakago, huko chini kulikokauka, ambako mkewe alibaki na shamba la ndengu na mtama linalongoja mvua ambayo mwaka huu huja na mwaka ujao hukataa. Alichopata Nkubu ndicho kilichonunua mbegu, na wakati mwingine maji yenyewe. Kwa hiyo pembe ile ya ukuta haikuwa kwake mahali pa kupitishia siku. "Nikiondolewa hapa," aliniambia mara moja, "nitarudi nikae na mama watoto tutazame mawingu." Alisema akiwa ameishika paipu kwa mikono miwili.

Siku hiyohiyo aliniambia jambo jingine ambalo nimelibeba tangu hapo. Aliniambia kwamba upepo wa Nkubu unatoka juu kabisa, kwenye barafu ya mlima, na kwamba yeye kazi yake ni kuufungia ndani ya tairi na kuutuma nyumbani. "Gari linashuka mpaka kwetu na ile baridi ndani. Sasa likipata pancha hapo Siakago, mtu aliyesimama karibu anasikia kitu baridi kwa mguu. Hajui ni nini. Ni mimi nimetuma salamu." Sikujua kama alikuwa akinitania. Lakini tangu siku ile sijaweza kutazama lori likiteremka kuelekea Embu bila kuwaza ule mlima mdogo uliofungiwa ndani ya kila gurudumu, ukizunguka gizani, ukipelekwa kwa watu wasiouagiza.

Kisha ikaja mashine. Mwenye kituo ni mama aliyewahi kuwa mwalimu, na watu wote humwita Madam. Si mtu mbaya, na sitaki mnisome kana kwamba namsema vibaya. Kompresa ilikuwa ikila umeme, malori yalikuwa yakikanyaga paipu, vipimo vilikuwa vikipotea kila mara. Akaleta mashine nyekundu, ikafungwa ukutani palepale penye kibao cha mzee. Unalipa kwa simu, inawaka taa, inapumua kwa muda wake uliopangwa, kisha inajizima. Juu yake Madam alibandika tangazo: UPEPO UNALIPIWA. Wiki ile watu walisimama mbele ya tangazo hilo kama waliosoma habari ya msiba. "Maji tulianza kununua tukanyamaza," mwendesha bodaboda mmoja alipaza sauti, "choo cha stendi tukalipia tukanyamaza. Sasa ni upepo! Madam, na hiki kivuli cha paa lako nacho ni ngapi?" Madam alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Kivuli ni bure kwa anayetia mafuta," akamjibu. "Wewe umetia?" Watu wakacheka, na mwenye bodaboda akajisogeza juani.

Masalio hakufukuzwa. Aliambiwa awaonyeshe wateja jinsi ya kulipia na awashikie paipu. Lakini kulikuwa na watu wengine aliowazoea, ambao mashine haikuwajua. Wenye mikokoteni ya sokoni. Wanawake wa wilbaro za kabichi. Mama mmoja muuza ndizi anayetembelea kiti cha magurudumu, ambaye barabara mbovu humlainishia tairi kila baada ya siku chache. Mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, na mipira yake kwenye gunia. Mashine ilikuwa na bei moja, ya gari zima, na haikutambua tofauti kati ya lori na mpira wa miguu. Kwa siku kadhaa watu hao walikuja, wakasoma tangazo, wakamtazama mzee, naye akatazama viatu vyake. Yule mama wa ndizi alianza kusukumwa na jirani, kwa sababu gurudumu lililolegea haliendi kwa mkono.

Wa kwanza kuona mwanya alikuwa mzee mwenyewe. Dereva wa gari dogo alikuwa amelipa, tairi zake nne zikajaa, na mashine bado ilikuwa na muda wake. Ilikuwa ikipumua tu, paipu ikirusha vumbi ukutani. Mama wa ndizi alikuwa karibu. Mzee akamgeukia dereva. "Dere, umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Hapa kuna masalio. Nimpe huyu mama?"

Dereva akatazama paipu, akatazama kiti. "Mpe. Mimi nitaenda nayo wapi?"

Ndivyo jina lilivyozaliwa. Kabla ya majira ya mvua kufika, desturi ilikuwa imesimama: wenye mikokoteni walipanga mstari kando ya ukuta, wakakaa juu ya mizigo yao kungoja gari lije lilipe. Magari madogo walikuwa wakiyapenda kama wageni wa harusi. Lori hawakulitaka, kwa kuwa lina magurudumu mengi na haliachi kitu. Likiingia waliguna kama waliokuta sufuria imekwanguliwa. "Dere, hizo tairi zako zote ni za nini?" walimtania. "Hebu acha moja nyumbani." Naye Masalio angemaliza gari, aulize swali lake la masalio, kisha avute paipu hadi kwa wa kwanza mstarini na kumuuliza na yeye, kwa heshima ileile, "Unashuka ama unapanda?" hata kama mtu alikuwa akienda sokoni, mwendo wa kutupa jiwe.

Madam alikuta mstari huo siku ya soko. Nilikuwepo, nimekalia gunia la mtu. "Hiki ni kituo cha mafuta ama ni soko?" akauliza.

"Madam, mwenye gari amelipa. Ni muda wake, na amewapa hawa."

"Muda ni wa mashine, mzee."

Badala ya kubishana naye aliinua paipu isiyoshikwa na tairi yoyote, ikapuliza hewani, ikazipeperusha nywele za Madam kutoka kwenye kitambaa. "Hii inaenda wapi sasa?" akauliza kwa upole. "Ukishalipa haizimiki. Inapumua mpaka iishe. Nimefikiri heri ipumulie mtu."

Watu waliojaribu kutocheka walishindwa. Nadhani hicho ndicho kilichomuumiza Madam, kuliko upepo wenyewe. Aliita fundi, muda wa mashine ukapunguzwa. Siku zilizofuata wenye magari walianza kulalamika kwamba wanalipa na tairi ya nne haijai, na wengine wakavuka barabara kwenda kituo cha pili. Muda ukarudishwa kama ulivyokuwa. Lakini mzee aliitwa ofisini, na alipotoka alikuwa ameshika ufagio. Aliniambia mwenyewe alichoambiwa: wateja watajishikia paipu wenyewe, yeye afagie uwanja. Akionekana tena na paipu mkononi, au akisikika akimwomba mteja masalio, arudi Siakago siku hiyohiyo. Na mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Ndengu zilikuwa zimetoka ardhini zikakauka zikiwa na majani mawili, na mkewe alikuwa akinunua maji yanayobebwa na punda. Alikuwa na neno moja tu la kusema ili watu wake wapate upepo, na neno hilohilo ndilo lingezima moto nyumbani kwake.

Niliahirisha safari yangu nikakaa Nkubu, kwa udadisi tu, na kwa sababu sikuwa na mahali pa kuwahi. Asubuhi iliyofuata mstari ulikuwepo kama kawaida, mama wa ndizi akiwa wa mbele. Liliingia gari la kwanza. Mwenye gari, mgeni wa mji, alilipa, akajaza tairi zake akisoma maelekezo, akatundika paipu ukutani akaondoka. Mashine ikabaki ikipumua peke yake. Ilikuwa sauti ndefu, kama ya mtu anayetaka kusema jambo akasahau. Mzee alikuwa akifagia hatua chache kutoka pale. Hakuinua kichwa. Alikuwa akifagia mahali palepale, pakawa pasafi, pakawa pasafi zaidi, naye akaendelea. Likaja gari la pili, ikawa vilevile. Mstarini wote walijua alichoambiwa. Mkokoteni mmoja uligeuza ukaondoka. Ukungu ulikuwa haujainuka, na nilihisi kana kwamba tunatazama kitu kikitoka taratibu katika mji mzima, bila kishindo, kama tairi inayovuja usiku.

Kisha ikaja pikapu ya ndizi ikishuka kutoka Meru. Dereva wake alikuwa kijana mwenye kelele, mmoja wa wale waliopita pale kila siku. Alilipa, akajaza, akasimama na paipu mkononi akingoja swali. Hakuulizwa. Akamwangalia mzee na ufagio wake, akauangalia mstari, akamwangalia Madam aliyekuwa amesimama mlangoni. Sijui alielewa kiasi gani. Alichofanya ni kuinua paipu juu ya kichwa chake kama mnadi wa sokoni na kuita, "Masalio! Masalio hapa! Nani ana gurudumu?" Na alipofika kwa mama wa ndizi, akapiga goti kwenye saruji, akafungua kifuniko, akamuuliza, bila kutabasamu, "Mathe, unashuka ama unapanda?"

Ufagio ulisimama. Madam alikuwa mlangoni muda wote huo. Mzee hakuwa ameshika paipu, hakuwa amesema neno, na mteja alikuwa amelipa. Madam alikunywa chai yake, akaingia ndani. Tangu siku ile desturi ikawa ya madereva. Waliokuwa wakiijua waliwafundisha wasiojua, na mgeni aliyetundika paipu ingali ikipumua aliitwa arudi: "Dere, umesahau masalio yako!" Masalio akafagia uwanja wa kituo kile hadi nguvu zilipomwishia, akituma fedha zake nyumbani, asiguse paipu tena hata siku moja. Niliwahi kumuuliza kama mkono haumwumi kuitazama tu. "Nilikuwa nafikiri ni mimi natoa upepo," akasema. "Kumbe nilikuwa nashikilia tu."

Nimewaza sana juu ya mashine hiyo nikiwa barabarani. Nilianza kwa kuichukia, kama wengi wetu. Nilitaka kuandika safu ya kulaumu, niorodheshe vyote vilivyokuwa bure utotoni mwetu na sasa vinalipiwa. Lakini nikikumbuka vizuri, zamani upepo ulipokuwa bure sikuwahi kuona mtu akimpa mwenzake. Kila mmoja alichukua wake akaenda. Ulipotiwa bei ndipo dereva asiyemjua mama wa ndizi alipopiga goti mbele ya gurudumu lake. Simaanishi kwamba bei ni njema. Kwa wasio nazo bei ni ukuta, na mama yule alisukumwa siku zile na jirani. Nasema tu kwamba ukuta ulipojengwa, mzee mmoja alitafuta mahali unapovuja.

Ijumaa tulimchukua hospitalini kumpeleka kwao. Baiskeli yangu ilifungwa juu ya basi la waombolezaji, tairi ya nyuma ikiwa bado imelala. Kabla ya kuuacha mji, gari lililobeba jeneza lilikata kona likaingia kituoni, basi nyuma yake. Mstari ulikuwa pale ukutani, mrefu kuliko nilivyowahi kuuona, na wenye mikokoteni walikuwa wamevua kofia. Mhudumu wa pampu, binti aliyezoea kusikia swali lile tangu aajiriwe, akamsogelea dereva, na kabla hajajizuia likamtoka: "Mnashuka ama mnapanda?" Akaziba mdomo. Dereva akamjibu polepole, "Tunashuka." Ndipo Madam alipotoka ofisini. Alikuwa na leso nyeusi kichwani, na funguo za mashine mkononi. "Msilipe," akasema. "Leo nawafungulia bure."

Dereva alikuwa yuleyule wa pikapu ya ndizi, sauti yake sasa nzito kidogo. Alishaitoa simu. "Asante, Madam. Lakini wacha nilipe," akasema. "Ukinipa bure, masalio yatatoka wapi?"

Akalipa. Akajaza tairi za gari lile moja baada ya nyingine, kila moja akaipunguzia kidogo, kwa ajili ya joto la huko chini. Kisha akanyoosha paipu. Madam ndiye aliyeipokea. Alisita kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake, kisha akaivuta hadi mstarini. Nami nilipanda juu ya basi nikashusha baiskeli, nikajipanga wa mwisho. Mashine ilipojizima, tairi yangu ya nyuma ilikuwa imepata pumzi ya mwisho, ikawa ngumu ya kutosha.

Siakago kulikuwa na jua kali na vumbi jekundu. Baada ya kaburi kujazwa na watu kwenda kunawa, nilibaki na baiskeli yangu kando ya udongo mpya. Sikuwa nimepanga lolote. Nilifungua kifuniko, nikabonyeza valvu kwa kucha, upepo ukatoka juu ya udongo, baridi, kweli ulikuwa baridi, nikausikia kwenye vidole. Mjane wake alikuja kusimama nyuma yangu. "Wewe, unafanya nini na hiyo baiskeli?"

"Namshushia upepo wa Nkubu, mama. Alikuwa akiwatumia."

Aliusogeza mguu wake mmoja karibu na gurudumu, kwenye ule ubaridi. "Aliniambia," akasema. Kisha akanigusa mkono. "Basi usiumalize wote. Wewe unapanda."

Nilifunga. Nimerudi nao huku juu, na ninapoandika haya baiskeli imeegemea ukuta, tairi ikiwa laini kidogo. Msomaji wangu, sina elimu ya kukufundisha mengi. Nenda ulipie upepo wako, ujaze tairi zako zote, hakuna anayekunyima. Ila ukishamaliza, na mashine bado inapumua, usiitundike paipu kabla hujageuka kutazama ukutani ni nani anayengoja.